Farasi wa Racecourse Road

Ukishuka Racecourse Road kutoka Ngara kuelekea Gikomba utakutana na kila kitu isipokuwa farasi. Kuna matatu zinazopigania abiria, kuna mabelo ya mitumba, kuna vitanda vipya vinavyonuka vanishi, kuna jamaa wa miwa, na jamaa wa injili mwenye spika kubwa kuliko yeye. Nimepita hapo tangu nikiwa mgongoni mwa mama na sikuwahi kujiuliza hilo jina lilitoka wapi. Ni kama Jericho ama Jerusalem: kwetu sisi ni stegi tu, unashuka, unaenda kwenu.

Nilikuja kujiuliza nikiwa na miaka 21, nikivuta mkokoteni kwenye barabara hiyo hiyo.

Karo iliisha kabla ya masomo. Hiyo ndiyo hadithi yote ya mimi na chuo, na si ya kipekee. Nyumbani Kayole nilikaa mwezi mzima nikijifanya natafuta kazi kwa simu, mpaka mama akachoka akampigia ndugu yake. Anko alikuwa na mkokoteni Gikomba na kijana wake wa kusukuma alikuwa amehamia Mombasa. Wiki mbili za kwanza nilisukuma nyuma. Wiki ya tatu akanipeleka mbele, katikati ya zile mbao mbili, na siku ya kwanza mzigo ulinishinda tukipanda kutoka upande wa mto. Viazi magunia manne. Miguu iliteleza, mkokoteni ukarudi nyuma, ile tairi kuukuu tunayoburuta kama breki ikalia, na watu wakatutusi kwa lugha tano.

"Inamisha kichwa, msomi," anko akaniambia. "Unapanda mlima ukiangalia mbinguni? Kichwa chini, mwili wote uingie kwa kazi."

Niliinamisha. Mkokoteni ukapanda.

Wiki hiyo hiyo, karibu na Muthurwa, nilimkuta muuza vitabu ametandika gunia chini. Juu ya gunia kulikuwa na kitabu chenye picha ya farasi mweusi kwenye jalada. Shilingi 30. Nilikinunua kwa sababu ya kipumbavu. Nikiwa na miaka saba, Krismasi moja, mama alitupeleka mimi na dadangu mjini kwenye bustani ambako watoto walikuwa wakipandishwa farasi kwa shilingi 50. Pesa ilitosha mtoto mmoja. Dadangu ndiye mkubwa, akapanda. Mimi nilibaki chini, kichwa changu kikiwa karibu na tumbo la yule farasi, nikisikia joto lake na ile harufu kama ya majani yaliyolala na mvua. Mwenye farasi alinionea huruma akaniacha nimguse shingo. Ngozi ilitetemeka chini ya kiganja changu, mara moja tu, kama vile amenitambua. Dadangu hata hakumbuki siku hiyo. Mimi naikumbuka mpaka leo.

Kitabu chenyewe kilikuwa Black Beauty. Wengi mmeona sinema, ama mlisoma ile nakala fupi ya darasa la sita. Kinasimuliwa na farasi mwenyewe, tangu akiwa mwanafarasi shambani na mama yake hadi anapouzwa na kuuzwa tena, mara mikononi mwa watu wema, mara mikononi mwa walevi na matajiri wenye maringo. Nilikuwa nakisoma saa ya chakula nikiwa nimekaa juu ya mkokoteni. Katikati ya kitabu anafika kwa bibi mmoja tajiri anayetaka farasi wake waonekane na kichwa juu muda wote, kwa sababu ndiyo ilikuwa fasheni London. Walikuwa na hatamu maalum ya kazi hiyo, kamba fupi ya ngozi inayovuta kichwa nyuma na kukizuia kushuka. Farasi anaeleza alivyopelekwa hivyo kwenye mlima. Hawezi kushusha kichwa, kwa hiyo hawezi kuutumia uzito wake, kwa hiyo mzigo wote unaenda kwa mgongo na miguu.

Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Huyu mtu alijuaje? Nani alimwambia?

Mwandishi ni Anna Sewell, na kitabu hiki ndicho riwaya yake pekee. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1820 katika mji wa Great Yarmouth, Uingereza, kwenye familia ya Waquaker, yaani wale wale tunaowaita Friends, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na ambao leo Kenya ina waumini wao wengi kuliko karibu nchi yoyote duniani. Kwa hiyo ukiwa na shangazi Mluhya wa Friends, Anna ni wa kanisa la shangazi yako, angalau kwa kuzaliwa. Baba yake, Isaac, hakuwa na bahati na biashara, na familia ilihamahama. Pesa zikiwa haba, Anna na kaka yake mdogo walipelekwa mara kwa mara kwa ndugu za mama yao huko Buxton, mashambani Norfolk. Huko kwenye shamba ndiko alikojifunza kupanda farasi.

Halafu akiwa na miaka 14, siku ya mvua, akitoka shule mbio, aliteleza akaanguka na kuumia vifundo vya miguu. Basi. Hakuna gari lililomgonga, hakuna vita. Kijana ameteleza nyumbani. Lakini matibabu ya wakati huo yalikuwa ya kubahatisha, na miguu haikupona kamwe. Maisha yake yote yaliyobaki hakuweza kusimama kwa muda mrefu wala kwenda mbali kwa miguu.

Hapo ndipo farasi wanaacha kuwa mchezo wa shambani. Msichana asiyeweza kutembea anategemea miguu ya mwingine. Alijifunza kuendesha gari dogo la farasi, na alipokua yeye ndiye aliyempeleka baba yake stesheni asubuhi na kumrudisha jioni. Rafiki mmoja wa familia aliyewahi kupanda gari hilo aliandika baadaye kwamba Anna hakuwa mtu wa kuvuta hatamu kwa nguvu, aliziacha zilegee na kuongea na farasi njia nzima kama mtu anayeongea na jirani. Kwa miaka zaidi ya 30 alikaa pale nyuma yao, akiangalia masikio, shingo na mgongo unapopanda mlima. Hakuhitaji mtu wa kumwambia. Alikuwa na macho na alikuwa na wakati.

Mama yake, Mary, alikuwa mwandishi. Alianza kuandika vitabu vya watoto kwa sababu nyumba ilihitaji pesa, na akaja kuwa maarufu kwa mashairi ya kidini ya watu wa kawaida. Moja, Mother's Last Words, liliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Anna ndiye aliyekuwa mhariri wake: mama anasoma kwa sauti, binti amelala kwenye kochi anasema hapa hapana, hapa kata. Nafikiri hiyo ndiyo shule yake ya uandishi. Hakuna shahada hapo, na nakiri kwamba jambo hilo lilinifariji.

Imani yao haikuwa rahisi pia. Anna akiwa na miaka kama 18 yeye na mama yake waliacha Uquaker wakajiunga na Kanisa la Kianglikana, na bado alitafuta kwa muda mrefu baada ya hapo. Lakini kitu kimoja hakikubadilika. Kwake dini bila huruma ilikuwa maneno matupu, na huruma hiyo haikuishia kwa wenye miguu miwili. Yule rafiki wa familia alimsimulia siku moja insha ya mchungaji wa Kimarekani, Horace Bushnell, kuhusu wanyama na nafasi yao mbele ya Mungu. Ni usomaji wa mtu mwingine, uliofika kwa Anna kwa mdomo, ndani ya gari la farasi. Miaka baadaye, akiwa mgonjwa kitandani, Anna alitaja mazungumzo hayo kama mbegu mojawapo ya kitabu chake.

Alianza kukiandika mwaka 1871 huko Old Catton karibu na Norwich, na kukimaliza kulichukua miaka sita. Siku zingine aliweza kuandika mistari michache kwa penseli kwenye vipande vya karatasi, mama yake akivikusanya na kunakili. Siku zingine alisema tu, mama akaandika. Siku nyingi hakuweza kitu. Kilichapishwa mwishoni mwa Novemba 1877. Alilipwa mara moja, hela kidogo, na hapo ndipo mapato yake yaliishia, kwa sababu tarehe 25 Aprili 1878 alifariki. Miezi mitano. Aliona kitabu kimeanza kutembea, hakuona kilipofika. Inakadiriwa leo kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 50.

Kuna jambo linalosimuliwa kuhusu mazishi yake. Farasi wa gari la maiti walipofika nyumbani walikuwa wamefungwa zile hatamu za kuinua kichwa. Mama yake, mzee wa miaka kama 80, akatoka nje akaamuru zifunguliwe zote kabla mwili haujapandishwa. Kwa hiyo Anna alienda kaburini akivutwa na farasi walioinamisha vichwa.

Nikiwa mtoto kanisani tulifundishwa kuhusu punda wa Balaamu, kwenye kitabu cha Hesabu. Balaamu anampiga punda wake mara tatu kwa sababu punda amekataa kusonga, kumbe punda ameona malaika mwenye upanga na nabii hajaona kitu. Mwishowe Mungu anafungua kinywa cha punda, na neno lake la kwanza ni swali: nimekukosea nini? Mwalimu wa Sunday school alitufundisha kwamba funzo ni utiifu wa nabii. Sikumbuki hata siku moja tukiongea kuhusu punda. Sasa najua Anna alifanya nini. Alichukua swali la yule punda akalirefusha mpaka likawa kitabu kizima.

Na kilifanya kazi. Mwaka 1890 George Angell, mtetezi wa wanyama huko Boston, alianza kukichapisha na kukisambaza Marekani kwa maelfu, kikapewa madereva wa magari ya farasi na vijana wa mabandani. Zile hatamu zilianza kuonekana kama aibu badala ya fasheni, na polepole zikapotea. Si vitabu vingi vinaweza kuonyesha kamba halisi ambayo viliikata.

Sasa nirudi Racecourse Road, maana sikumaliza.

Baada ya kitabu nilianza kuuliza wazee wa Gikomba, kisha nikaenda kusoma kwenye maktaba ya Makadara, ambayo kwa bahati ilikuwa karibu na haitozi mtu aibu. Jina ni la kweli. Wazungu walipojenga Nairobi walitaka uwanja wa mbio za farasi mapema kabisa. Chama cha mbio kilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1900, na uwanja ukawa huku kwetu, upande wa Kariokor, hadi mwaka 1954 mbio zilipohamishiwa Ngong Road. Yule Beryl Markham, aliyeandika West with the Night na aliyekuwa na leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa bado binti mdogo, farasi wake walikimbia hapa. Mabibi wenye kofia walishangilia hapa. Ng'ambo kidogo tu kulikuwa na Pumwani, mtaa wa Waafrika, watu waliotembea na kipande shingoni.

Halafu kuna jina la pili, Kariokor, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walikabiliana katika nchi isiyo na barabara. Vyakula, risasi na mizinga vilihitaji kubebwa. Jeshi lilileta farasi na nyumbu, na mwaka 1916 wapanda farasi kutoka Afrika Kusini waliingia Tanganyika wakiwa na maelfu yao. Mbung'o walikuwa wanawangoja. Wanyama walikufa kwa wiki chache tu, njia zikajaa mizoga. Basi jeshi likaangalia ni nani mwingine anaweza kubeba mzigo. Jibu likawa ni mtu.

Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikakigeuza Kariokor, na kule Dar es Salaam Kariakoo. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa hapa, palipo sasa soko la viondo, ndala za ngozi na nyama choma. Mwaka 1917 msako ulikuwa mkubwa kiasi kwamba machifu waliambiwa idadi ya wanaume wa kutoa. Walikufa kwa kuhara, kwa nimonia, kwa malaria, kwa unga ulioiva nusu, zaidi ya walivyokufa kwa risasi. Wanahistoria wanakadiria wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walifika karibu 100,000. Mishahara ya wafu ambayo hakuna aliyeijia ilibaki kwa serikali. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Nimeona watu wakimtumia kama alama ya kukutania: ningoje hapo kwa wale wanaume watatu.

Bibi yangu alikuwa akisema ndugu wa baba yake alienda "vita vya Kariokor" na hakurudi. Tulidhani ni hadithi ya wazee, labda jamaa alipata mke mwingine huko pwani. Sasa sina uhakika wa kucheka.

Fikiria ramani hiyo kwa dakika moja. Upande huu farasi waliolishwa shayiri, wenye majina yaliyochapishwa gazetini. Hatua chache upande ule, wanaume waliochukua kazi ya farasi kwa sababu farasi walikufa, na majina yao hata kaburi halina. Sisemi Anna Sewell alikosea kuwalilia farasi. Nasema kwamba mpagazi hakupata Anna wake. Sijawahi kuona Black Beauty ya Kariokor, iliyosimuliwa na aliyekuwa chini ya mzigo, ikieleza mlima mmoja mmoja.

Kuna watakaosema naringanisha watu na wanyama. Mimi sikuanza. Waliopanga safari ya 1917 ndio waliofanya hesabu hiyo.

Na wanyama wenyewe bado wako. Huko kwetu Kayole, Njiru na Ruai, maji yakikatika unangoja punda. Anakuja na mitungi ya lita 20 imepangwa juu ya mkokoteni, masikio chini, kidonda begani mahali ambapo kamba inasugua. Mwenye punda si mtu mbaya. Analipa kodi ya nyumba ya mabati kama sisi. Lakini tuna methali inayosema shukrani ya punda ni mateke, na kila nikiisikia najua methali hiyo ilitungwa na mwenye punda. Kati ya 2016 na 2020 machinjio yaliyopewa leseni yalinunua punda kwa ajili ya ngozi, zikaenda China kuchemshwa kuwa dawa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 Kenya. Ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Wizi ulikuwa wa usiku. Mtu anaamka asubuhi anakuta mkokoteni umebaki peke yake. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima.

Siku moja nilimsomea anko kwenye simu kuhusu sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Kumbebesha mnyama mzigo unaomzidi nguvu ni kosa. Alisikiliza vizuri, akitafuna miwa. Akatema maganda.

"Na mimi," akasema, "mimi niko Sura gani?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka, yeye hakucheka, nikaacha.

Niliondoka Gikomba baada ya miezi minane, nikaanza hii kazi ya kuandika ambayo inalipa vibaya karibu sawa. Kitabu nilimwachia. Hasomi Kiingereza sana, kwa hiyo nikipita Jumamosi hunifanya nimtafsirie sura moja, tukiwa tumekaa juu ya mkokoteni, vijana wengine wakisogea karibu wakijifanya hawasikilizi. Tulipofika mahali ambapo Ginger, yule farasi jike mwekundu mwenye hasira, anaonekana amekufa juu ya gari, shingo ikining'inia, kijana mmoja aliuliza kama mwenye gari alishtakiwa. Nikasema kitabu hakisemi.

Anko alinyamaza kwa muda. Kisha akapiga ubao wa mkokoteni kwa kiganja.

"Rudi kidogo nyuma," akasema. "Soma tena pale kwa mlima."